Wasifu Mrefu na Wasifu Mfupi: Jibu kwa Mzazi wa Tanga



Mwezi huu tumepokea barua ya mzazi mmoja wa Tanga, nasi tumeona si vema kuijibu kwa siri, maana swali lake ni swali la nyumba nyingi. Mzee huyu atueleza kwamba binti yake amehitimu shahada ya uuguzi, akamaliza mwaka wake mmoja wa uuguzi tarajali hospitalini, na tangu hapo, kwa muda wa miaka 2, amekuwa akijitolea katika zahanati iliyo karibu na kwao huku akitafuta ajira. Ili binti asome, baba aliuza shamba la minazi alilorithi kwa wazee wake. Leo minazi haipo, na kazi nayo bado haijapatikana.

Binti ameomba kazi mahali pengi, lakini ziko mara 2 hasa zilizomtia mzee mashaka. Mara ya kwanza, shirika moja lenye makao yake makuu Marekani lilitangaza nafasi ya muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto, likataka kila mwombaji apeleke rezume ya ukurasa mmoja. Binti akapeleka karatasi zake zote 7, zilizoanza na jina la shule yake ya msingi na kwisha na orodha ya mambo ayapendayo. Hakujibiwa. Mara ya pili aliomba nafasi serikalini. Naye, akiwa amekwisha kuambiwa na rafiki zake kwamba siku hizi hakuna mtu asomaye karatasi ndefu, akapeleka ukurasa mmoja usio na wadhamini wala tarehe kamili. Hakuitwa kwenye usaili. Mzee atuuliza: "Je, C.V. na rezume ni kitu kimoja chenye majina mawili, au ni vitu viwili? Na ikiwa ni viwili, mbona hapana aliyemfundisha binti yangu katika miaka yote ile ya chuo?"

Twapenda kumwambia mzee wetu kwanza kwamba hatuwezi kusema ni karatasi hizo ndizo zilizomkosesha binti kazi. Waombaji ni wengi na nafasi ni chache, na wako wengi walioandika vizuri wakakosa. Lakini twaweza kusema bila ya shaka kwamba mara zote mbili binti alijibu swali ambalo hakuulizwa. Aliyeulizwa kwa ufupi alijibu kwa urefu, na alipoulizwa kwa urefu akajibu kwa ufupi. Basi na tulieleze jambo hili tangu mwanzo wake.

MAJINA NA MAANA YAKE

C.V. ni herufi za kwanza za maneno mawili ya Kilatini, curriculum vitae, ambayo maana yake ni mwendo wa maisha. Ama rezume ni neno la Kifaransa, nalo katika matangazo huandikwa résumé. Maana yake ni jambo lililofupishwa. Na ajabu ni kwamba Wafaransa wenyewe hawaiiti karatasi ya kuombea kazi kwa jina hilo. Wao husema C.V., na neno résumé kwao ni muhtasari wa habari yo yote. Wajerumani husema Lebenslauf, nayo maana yake vile vile ni mwendo wa maisha. Waarabu husema sira dhatiya, yaani sira ya mtu mwenyewe, na neno sira halihitaji kufasiriwa kwa mtoto wa madrasa. Sisi kwa Kiswahili twasema wasifu au wasifukazi; na matangazo ya ajira ya Serikali ya Tanzania hutaka maelezo binafsi yanayojitosheleza. Mwombaji na alishike neno hilo la kujitosheleza, maana tutalirudia.

Katika maelezo yetu haya, C.V. tutaiita wasifu mrefu, na rezume tutaiita wasifu mfupi. Lakini mtu asidhani kwamba wasifu mfupi ni wasifu mrefu uliokatwa mkia. Tofauti yake kubwa si idadi ya kurasa. Tofauti yake ni swali linalojibiwa.

Wasifu mrefu hujibu swali hili: Wewe ni nani, na umepitia wapi katika elimu yako na kazi yako hata ukafika hapa? Kwa hiyo hutaja yote kwa taratibu: vyuo na shahada, kazi na vyeo, mafunzo, utafiti, maandishi yaliyochapishwa, mikutano, tuzo, vyama vya taaluma, lugha na wadhamini. Hukua jinsi mwenyewe anavyokua. Mwalimu wa chuo kikuu aliyefundisha na kutafiti kwa miaka 30 aweza kuwa na kurasa 20, na hapana wa kumlaumu.

Wasifu mfupi hujibu swali jingine: Kazi yetu hii tuliyoitangaza, wewe waiweza kwa lipi? Kwa hiyo hutaja yale tu yanayoihusu kazi ile, katika ukurasa mmoja au 2, nao huandikwa upya kila inapoombwa kazi nyingine.

Kwa mfano wa nyumbani, wasifu mrefu ni ghala, na wasifu mfupi ni kapu la sokoni. Mkulima huweka ghalani kila alichovuna. Lakini akisikia kwamba soko la leo lataka mbaazi, hapakii ghala zima kichwani. Huchukua mbaazi zilizo bora akazitia kapuni. Na asiye na ghala hana cha kutia kapuni.

MIFANO MIWILI YA KALE

Wanavyuoni wetu wa zamani walikuwa na desturi ya kuandika kitabu kinachoitwa fahrasa au thabat, ambamo mtu hutaja walimu wake, vitabu alivyovisoma kwao, na njia ambayo kila kitabu kilimfikia. Mmoja wao ni Ibn Khayr wa Ishbiliya, mji wa Hispania ambao leo huitwa Sevilla, aliyefariki mwaka 575 Hijriya, sawa na mwaka 1179. Fahrasa yake hutaja vitabu zaidi ya 1,000. Kitabu kile hakikuandikwa kuombea kazi, lakini roho yake ndiyo roho ya wasifu mrefu: hutajwa yote, kwa utaratibu, na kila dai lina mtu wa kulishuhudia. Ye yote aliyepata kuona ijaza ya shekhe wake atalifahamu jambo hili upesi.

Mfano wa pili ni wa Leonardo da Vinci, yule Mtaliana ambaye dunia yamjua kwa picha zake. Karibu na mwaka 1482 ilitungwa barua yake kwa Ludovico Sforza, aliyeshika utawala wa Milan, akitaka kazi kwake. Mtu angedhani kwamba ataanza na uchoraji. Hakufanya hivyo. Alianza na madaraja mepesi ya kubebwa na majeshi, akaendelea na mizinga, na namna ya kuzibomoa ngome, na magari ya vita. Uchoraji aliutaja mwishoni tu. Hakuonea haya uchoraji wake, bali alitambua kwamba mtawala yule alikuwa na haja ya vita kuliko picha. Huo ndio wasifu mfupi. Mwandishi wake huanza kwa kuitazama haja ya mwajiri, kisha huchagua katika aliyo nayo yale yanayoikidhi.

KILA NCHI NA DESTURI YAKE

Sasa twaja kwenye jambo linalowachanganya vijana zaidi, nalo ni kwamba majina haya hayatumiki namna moja duniani kote.

Marekani na Kanada, kazi za kawaida za ofisini, kiwandani, dukani na hospitalini huombwa kwa rezume. C.V. huko ni ya watu wa vyuo vikuu, watafiti na madaktari, na wanaoomba kusoma shahada za juu. Mtu akiambiwa huko apeleke C.V., wataka wasifu mrefu hasa.

Uingereza mambo si hivyo. Huko C.V. ndilo jina la karatasi ya kuombea kazi yo yote, ya karani na ya meneja, na kwa kawaida huwa ya kurasa 2. Nchi zetu za Afrika ya Mashariki zilizokuwa chini ya Waingereza zilirithi jina hilo, na ndiyo sababu kwetu kila karatasi ya kazi ni C.V., iwe fupi au ndefu. Australia majina yote mawili hutumika, na mara nyingi kwa maana moja. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2004 utaratibu wa Europass, ambao ndani yake mna mfano mmoja wa C.V. ili wasifu wa mtu wa nchi moja ufahamike katika nchi nyingine.

Katika nchi za Ghuba, ambako jamaa zetu wengi wa pwani wana ndugu na riziki, husemwa C.V. kwa Kiingereza na sira dhatiya kwa Kiarabu. Waajiri wa huko mara nyingi hutaka kujua uraia wa mwombaji, tarehe yake ya kuzaliwa na hali ya viza yake, na wengi hutaka picha.

Marekani ni kinyume. Huko mtu haweki picha, wala umri, wala dini, wala habari za ndoa na watoto. Sababu yake ni sheria. Sheria ya Haki za Raia ya mwaka 1964 humkataza mwajiri kumbagua mtu kwa rangi, dini, jinsia au asili ya taifa lake, na sheria nyingine ya mwaka 1967 huwalinda wenye umri wa miaka 40 na zaidi. Kwa hiyo mwajiri mwenye busara hapendi hata kuyaona mambo hayo kabla ya kuchagua, asije akashitakiwa kwamba aliyatumia. Hatusemi kwamba ubaguzi umekwisha huko. Twasema tu kwamba karatasi ya kazi si mahali pa kuyataja hayo. Binti wa Kiislamu asiyetaja dini yake katika rezume ya Kimarekani hajaificha dini yake, bali amefuata desturi ya nchi anayoiomba kazi.

Basi kanuni yetu ni hii: jina lililoandikwa katika tangazo lisikutoshe. Tazama ni nchi gani inayouliza, ni kazi ya namna gani, wametaka kurasa ngapi, na wametaja vitu gani viwemo. Tangazo lisomwe mara 3 kabla ya kalamu kushikwa.

MAISHA MAMOJA, KARATASI MBILI

Turudi kwa binti wa Tanga. Maisha yake ni yale yale, lakini yangepasa kuandikwa namna mbili.

Tuanze na Serikali. Katika Tanzania nafasi nyingi za utumishi wa umma hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira, na maombi hupelekwa kwa njia ya intaneti. Matangazo yake, kwa kawaida, hutaka maelezo binafsi yanayojitosheleza, yenye anwani na namba za simu zinazotegemeka. Majina ya wadhamini 3 wa kuaminika. Na nakala za vyeti zilizothibitishwa. Tena husema wazi kwamba hati za matokeo ya kidato cha nne na cha sita hazikubaliwi badala ya vyeti vyenyewe. Hapa ndipo penye lile neno la kujitosheleza. Mwenye kuyapokea maombi ana orodha ya masharti, naye huyatafuta moja moja. Asipoona wadhamini, haendi kuwauliza. Basi hapa binti apeleke wasifu mrefu wa kurasa 2 au 3: elimu yake tangu sekondari, pamoja na miaka na vyeti; shahada yake; mahali na tarehe za uuguzi tarajali; usajili wake katika Baraza la Uuguzi na Ukunga; zahanati anayojitolea, tangu mwezi gani hata mwezi gani; lugha azijuazo; na wadhamini 3 ambao amekwisha kuwaomba ruhusa. Mdhamini apigiwaye simu akasema hamkumbuki mtu huyo ni hasara kuliko kutokuwa na mdhamini.

Ama lile shirika la Kimarekani lilitaka ukurasa mmoja kwa kazi ya kliniki ya mama na mtoto. Shule ya msingi haina kazi hapa. Mambo anayoyapenda, kama kusoma vitabu na kusafiri, hayana kazi hapa. Juu kabisa liwe jina, simu na anwani ya barua pepe. Chini yake maneno machache ya kumtambulisha: muuguzi mwenye shahada, aliyesajiliwa, mwenye uzoefu wa miaka 3 katika wodi na zahanati. Kisha zahanati ije kwanza, hata kama hapewi mshahara huko, kwa kuwa ndiko anakopima wajawazito na kuchanja watoto, na hiyo ndiyo kazi iliyotangazwa. Wodi ya upasuaji aliyozunguka alipokuwa tarajali itajwe kwa mstari mmoja.

Wengi hudhani kwamba kazi isiyo na mshahara si kazi ya kutajwa. Hilo ni kosa, na kosa hilo huwaumiza wasichana zaidi. Aliyejitolea miaka 2 amefanya kazi miaka 2. Aandike kwamba ni ya kujitolea, na aieleze kama kazi nyingine. Kadhalika binti huyu, kama baba yake alivyotueleza, huwafundisha watoto madrasani jioni. Shirika likiwa lataka muuguzi wa kuwafundisha kina mama mambo ya lishe na usafi, basi mtu aliyezoea kusimama mbele ya darasa ana jambo la kusema, naye ana hiari ya kulitaja.

Sasa namna ya kuandika. Katika karatasi zake binti ameandika: "Nilikuwa na majukumu ya kuhudumia wagonjwa." Maneno haya hayamwambii mwajiri lo lote, maana kila muuguzi ana majukumu hayo. Bora aseme amefanya nini, wapi, kwa kiasi gani: kliniki ya wajawazito siku ngapi kwa juma, wajawazito wangapi kwa siku, ni nani anayetunza daftari la chanjo, na nini kilichorekebika alipoanza kulitunza. Hesabu hizo azitoe katika daftari la zahanati, wala asizitoe kichwani.

Tena karatasi iwe na sura nyepesi. Makampuni makubwa ya siku hizi hutumia programu za kompyuta kuzipanga karatasi za waombaji kabla ya mtu kuzisoma, na programu hizo huweza kukosea zikikutana na michoro, rangi na majedwali mengi. Maandishi ya kawaida, vichwa vya habari vilivyo wazi, na maneno yale yale yaliyotumika katika tangazo, ikiwa ni kweli kwako, hayo yatosha.

JAMBO LILILO ZITO KULIKO YOTE

Hata hapa tumesema juu ya kuchagua na kuacha. Baadhi ya vijana watauliza: Je, kuacha jambo si kuficha? Na kulikuza jambo si kudanganya? Swali hili ni la haki, na twapenda kila nyumba ilizungumze.

Kufupisha si kuficha. Ukiacha kutaja kwamba uliwahi kuuza duka la mjomba wako kwa miezi 3, kwa kuwa unaomba kazi ya uuguzi, hukumdhulumu mtu. Lakini ukivuta tarehe za kazi moja ili kuziba mwaka uliokaa bure, umesema uongo, na uongo huo hauwi mdogo kwa kuwa ni wa tarakimu. Mwaka wa kukaa nyumbani kumwuguza mama si aibu. Andika hivyo hivyo, kwa mstari mmoja.

Lugha nazo ni mtihani. Watoto wetu wengi wa pwani husoma Kurani tangu utotoni, nao huziona herufi za Kiarabu kama jamaa zao. Basi wakiomba kazi Oman au Dubai huandika: "Kiarabu: vizuri sana." Lakini kusoma ni jambo moja, na kumfahamu mgonjwa anayeeleza kwa haraka ni wapi panapomwuma na dawa gani imemdhuru ni jambo jingine. Muuguzi aliyepata kazi kwa neno lile huenda akatoa dawa isiyotakiwa, na aliyelipa gharama ya uongo ule ni mgonjwa asiyemjua. Aandike: "Kiarabu: nasoma, kuzungumza, kidogo." Huo ni wasifu wa mtu mkweli, na mwajiri mwema huuthamini.

Ama vyeti, mambo yake yajulikana. Mwezi wa Aprili mwaka 2017 Rais Magufuli alipokea Dodoma taarifa ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, nayo ilitaja watumishi 9,932 walioonekana kuwa na vyeti vya kughushi. Waliondolewa kazini, wengine wakiwa wametumikia miaka mingi. Fikiri, ndugu msomaji, ni nyumba ngapi zilizotegemea mishahara ile, na watoto wangapi waliorudi shuleni siku ya pili wakiwa na aibu isiyokuwa yao. Na hospitali za Ghuba, kabla ya kumpa muuguzi leseni, haziridhiki na nakala za vyeti. Huulizwa chuo chenyewe kilichovitoa. Njia ya mwongo ni fupi, na siku hizi imezidi kufupika.

Liko na jambo dogo linaloonekana halina madhara. Kijana huenda kwenye duka la kuchapa na kutoa fotokopi, akamwambia mwenye kompyuta, "Nitengenezee C.V." Mwenye kompyuta huchukua karatasi ya mtu mwingine, akabadili jina na namba ya simu, yakabaki mengine: ustadi ambao kijana hana, na wadhamini wasiomjua. Kijana hutia sahihi bila ya kusoma. Siku ya usaili huulizwa juu ya maneno yaliyo chini ya jina lake mwenyewe, akababaika. Kuchapiwa si kosa. Kuandikiwa maisha yako na mtu asiyekujua ndilo kosa.

Wako vijana wengine ambao ugonjwa wao ni kinyume cha huu. Hao wamelelewa kwa adabu, wamefundishwa wasijisifu, na wakiambiwa waandike wanayoyaweza kalamu huwa nzito. Husema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ni njema mahali pake. Lakini mwajiri aliye mbali hakuoni wala hakusikii. Hana ila karatasi yako. Na vijana wetu wakumbuke kisa cha Nabii Yusuf, amani iwe juu yake, aliposimama mbele ya mfalme wa Misri akaomba awekwe juu ya khazina za nchi. Alijieleza kwa sifa 2 tu, kwamba yeye ni mlinzi na kwamba yeye ni mjuzi, na zote mbili ndizo zilizohitajiwa na kazi ile. Hakujivuna, wala hakujificha, na watu walipona na njaa kwa sababu ya kusema kwake. Mwenye ujuzi akinyamaza kwa haya, nafasi huchukuliwa na asiye nao.

NASAHA YETU

Kwa mzee wetu wa Tanga, nasaha yetu ni hii. Mnunulie binti daftari moja, akae nawe na mama yake jioni 2 au 3, aandike yote aliyoyafanya tangu sekondari, pamoja na tarehe, majina ya wakuu wake na namba zao. Wazazi hukumbuka mambo ambayo watoto wameyasahau. Hilo daftari ndilo ghala, na kila baada ya miezi 6 aliongezee. Kutoka humo achape wasifu mrefu mmoja uliokamilika. Kisha kila atakapoona tangazo, achukue karatasi nyeupe na kujiuliza wanataka nini hawa, na katika ghala langu kipi kinawafaa. Hapo ndipo atakapoandika wasifu mfupi. Barua ya maombi iende pamoja nao, isirudie maneno yale yale, bali ieleze kwa nini aitaka kazi hiyo hasa. Na kabla ya kupeleka, mtu mwingine asome kila mstari na kumwuliza: "Ukiulizwa hili, utajibu nini?" Mstari asioweza kuutetea aufute.

Ama lile swali lako, kwa nini hapana aliyemfundisha, twakubaliana nawe kwamba ni upungufu. Vyuo vingi hufundisha kazi, na havifundishi namna ya kuiomba. Upungufu huo waweza kuzibwa hata nyumbani na msikitini. Katika kila mtaa yuko mtu mzima aliyewahi kukaa upande wa pili wa meza, akazipokea karatasi za waombaji. Mtu huyo akitoa saa moja tu kwa juma, baada ya sala ya Alasiri, kuzisoma karatasi za vijana wa mtaa wake, atakuwa amewafaa kuliko wengi wanaowalaumu vijana kwa kukaa vibarazani.

Minazi iliyouzwa, mzee wetu, hairudi. Lakini ulichokinunua kwayo kimo katika mikono na kichwa cha binti yako, na hicho hakiuziki. Kilichobakia ni kukieleza, kwa ukweli, kwa mtu anayekihitaji, na kwa namna aliyouliza. Twamwomba Mwenyezi Mungu amfungulie binti huyu, na vijana wetu wote, milango ya riziki ya halali, naye baba yake amjaalie kuyaona matunda ya jasho lake. Tena twamwomba mzee atuandikie atakapopata habari njema, ili wasomaji wenzake nao wafurahi.

Wabillahi tawfiq.